Msamaha wa Jivu

Twilumba alikuwa amelala kaburini na hataki kutoka.

"Hili langu!" alipiga kelele toka chini. "Nimejipima, linanienea. Huyo panya wenu mkamzike kwingine!"

Juu ya shimo tulisimama sisi Wangoni na jeneza la Sajini Mbawala mabegani, jua la alasiri linatuchoma visogo, hatuna pa kumtua. Ndivyo msiba unavyokwenda. Marehemu ni Mngoni, basi siku ni ya watani wake Wahehe. Walikuwa wamevaa magunia na kujipaka jivu uso mzima. Mmoja alivaa buti la marehemu, mguu mmoja tu, anachechemea vilevile alivyochechemea Mbawala enzi zake. Mwingine kajitanda chandarua, anajiita padri, anatubariki kwa mwiko wangu niliokuwa nautafuta jikoni tangu asubuhi.

"Toka humo, mla mbwa," nikamwambia. "Mabega yanauma."

"Niletee paja la mbwa, shemeji, nitatoka. La nyuma, lakini. La mbele anakula dada yangu huko aliko, anasema Mngoni wake atakufa lini apate mtu wa kumgombeza."

Watu wakaangua kicheko. Hata mjane, Mama Osmunda, alicheka na kamasi zikimtoka. Dada anayetajwa ni Vaileth, mke wangu. Twilumba ni mdogo wake, na tangu Vaileth afe ndiye mtu pekee kambini anayenitukana kwa mapenzi.

Nyuma ya kicheko nikasikia chuma kikijigeuza. Mlingoti ulikuwa unatutazama.

Mlingoti una jicho moja na mtutu mmoja, na ndani hamna mtu. Sura za wakazi wote wa Kisiwa cha Funguni zimo kichwani mwake. Hauamini magwanda, kwa kuwa gwanda huibiwa. Unaamini sura. Ukiona uso usiosomeka na mkono ulioshika chuma, unapiga, wala hauulizi. Wakubwa waliununua kwa ajili ya Sikio, yaani zile nyaya za kioo zilizotandazwa chini ya mlangobahari mzima, zinazosikia kila nyambizi inayopita hata ikijikausha kama maiti. Nyaya zote zinaibukia kwenye kijumba cha zege tunachokiita Mzizi. Kijumba hicho kiko mteremkoni, chini kidogo ya makaburi yetu. Makaburi yaliwekwa pale kwa sababu ardhi ile haikufaa kwa nyumba za maofisa.

Vaileth alifia hapohapo. Alikuwa anazikwa kapteni mmoja wa Kingoni, na mke wangu, uso mweupe kwa jivu, alilitimkia jeneza na mchi wa chuma wa kupondea viungo, anapiga kelele kwamba anakwenda kumvunja taya huyo kapteni asije akawamalizia malaika chakula. Wafiwa walikuwa wanacheka. Mlingoti ukampiga nyonga. Hakufa palepale. Alilala peke yake katikati ya majani ananiita, "Gervas, Gervas," na kila aliyenyanyua mguu kumfuata mtutu ulimgeukia. Wakubwa wakasema mtambo haukutengenezwa hapa, hauzimwi mpaka ruhusa itoke bara. Ruhusa ilipofika, nzi walishafika.

Wake za askari wakaenda kulala barabarani mbele ya magari. Ndipo wakubwa wakaufundisha mlingoti msamaha: siku ya maziko, hapo makaburini, mwenye jivu usoni asiguswe hata akishika panga. Na ili tuonekane tumetendewa haki, ufunguo wa kuufuta msamaha huo wakanipa mimi, mpishi wa mesi. Ni kibao cheusi kama kisosi, kinaning'inia shingoni. Nikikiwekea kiganja kikakaa kidogo, jivu halimkingi mtu tena, awe ameshika chuma au hana. Kiganja changu tu, cha mwingine hapana. Kanali Rwechungura alinivisha mwenyewe mbele ya umati. "Hapa hafi mtu tena bila ridhaa ya mfiwa," akasema, na watu wakapiga makofi. Mimi darasa la nne sikulimaliza, lakini nilimwelewa. Siku ikifika ya kuua, muuaji nitakuwa mimi.

Basi Twilumba tulimtoa kwa kummwagia ndoo ya maji. Alitoka anatukana mababu zetu mmoja mmoja kwa majina. Jeneza likashuka, kamba zikavutwa, udongo wa kwanza ukagonga ubao, na hapo Mama Osmunda miguu ikamwisha. Alianguka kifudifudi ukingoni mwa kaburi.

Padri wa chandarua akamrukia. "Inuka, mama! Bwana mpya huyu hapa, tena huyu anayo meno!"

Lakini mtani mmoja, mrefu, aliyebeba kikapu cha jivu, alimwahi. Alipiga magoti, akamshika mjane kiwiko, akamfuta vumbi shavuni kwa ukingo wa gunia lake, akamwambia polepole:

"Pole sana, mama. Mungu akutie nguvu."

Nikageuka kumtazama. Pole ni yetu sisi wengine. Mtani hasemi pole. Kazi yake ni kukuvuta urudi huku kwa walio hai, hata akikuvuta kwa nywele. Sijawahi kumsikia Mhehe anampa pole mfiwa wa Kingoni kaburini, wala aliyelewa, wala mtoto mdogo.

Nikamshika Twilumba mkono. "Yule nani?"

"Kihwele. Kaja na boti ya vifaa asubuhi, toka kambi ya kisiwa cha pili." Alikamua maji kwenye gunia lake. "Mzuri, eh? Kihehe chake kinanishinda mimi. Usione wivu, shemeji, wewe umeshachacha."

Akaniacha, akamwendea yule mtu, akatia mkono kwenye kikapu chake ajiongezee jivu, maana lake lilikuwa limeoshwa na maji. Yule mtu alikivuta kikapu kwa nguvu. Kidogo kikamwagika. Upepo ulikuwa unavuma kutoka baharini kutujia sisi, unapeperusha mashuka ya wanawake nyuma, lakini lile jivu lilikwenda baharini. Lilijikusanya kama siafu wanaohama, likanyoosha mstari, likaanza kutambaa mteremkoni kuelekea Mzizi.

Askari wakila huwa wanasema mengi, na mpishi anasikia. Kuna vumbi, walisema, kila chembe yake ni mtambo mdogo kuliko punje ya sembe. Likiingia kwenye nyaya za kioo linakaa humo miaka, linasikia zinachosikia, linamwambia mwenyewe huko aliko ng'ambo. Nchi moja iliingiliwa hivyo. Hawakujua mpaka usiku walipozamishiwa nyambizi zao zote bandarini, mabaharia wamelala vitandani.

Na Mbawala aliokotwa chini ya mwamba, shingo imevunjika. Tuliambiwa kateleza. Mtu aliyepanda mwamba ule tangu anaota ndevu! Nikalitazama jeneza nikajua. Walihitaji msiba.

Kanali alikuwa amekaa kivulini kwenye turubai, kwenye kiti cha mkono, redio pajani. Nilimwinamia sikioni.

"Afande, yule mrefu mwenye kikapu siyo mtu wetu. Hilo jivu linatembea."

Alitazama. Ni mwepesi wa kuelewa, hilo sitamnyima. Rangi ilimtoka midomoni.

"Weka mkono," akasema.

"Watani wote wamemzunguka, afande. Twilumba yupo pale."

"Naona."

"Mlingoti utawafagia wote."

"Mzee Gervas, nikituma askari ataona wanakuja, atatimka. Akifika ule mlango tumekwisha, mlingoti haupigi upande wa Mzizi. Hilo unalijua." Alisema bila kunitazama. "Vijana wetu wako chini ya maji hivi tunavyoongea. Wana wake kama wewe ulivyokuwa na mke. Weka mkono."

"Uzime mtambo, niende mwenyewe."

"Hauzimiki toka hapa. Kwani hukuambiwa?"

"Nilipewa kibao hiki asife mtu kama alivyokufa Vaileth."

"Ulipewa kibao ili uamue." Sasa akanigeukia, na sauti yake ilikuwa laini kama ya daktari. "Mimi siwezi kukulazimisha. Sheria hairuhusu. Mkono ni wako, mzee wangu. Na dhamiri ni yako."

Chini kule mchezo ulikuwa umekolea. Yule mrefu alikuwa ameanza kushuka kwa hatua za kucheza, kikapu kichwani, na watani walimfuata wakidhani anaiba jivu la msiba. Twilumba alimdaka gunia. "Lete tugawane, mwizi wewe!" Aliyevaa buti la marehemu akamzuia mbele, anachechemea, anapiga saluti. Yule mtu alicheka nao, na huku anacheka anawasukuma, na kila akisukuma mlango unamkaribia.

Kiganja changu kilikuwa juu ya kibao. Nilikiona kipana, kimebabuka kwa masufuria. Niliwaza mabaharia waliolala vitandani. Nikamwaza Twilumba ameanguka kwenye majani yaleyale anamwita nani sijui, maana hana mume.

Nikaondoa kiganja. Nikachota jivu kwenye ndoo iliyokuwa kando ya kaburi, nikajipaka uso mzima, macho, masikio, nikachomoa beleshi kwenye kifusi.

"Mzee Gervas!" Kanali aliita.

Kwa Mngoni kujipaka jivu kwenye msiba wa Mngoni ni laana, sijui kama mnanielewa. Ni kumcheka maiti wako mwenyewe. Mama Osmunda alilia kwa sauti nyingine kabisa aliponiona. Lakini mtu asiye na jivu anayekimbilia watu na beleshi hafiki mbali pale. Nilikimbia. Mlingoti ulinigeukia, ukaniona mweupe, ukaniacha.

"Shemeji!" Twilumba alipiga ukelele wa kicheko. "Umechanganyikiwa? Maiti ni yenu!"

"Mwachie! Ondoka hapo!"

"Aaa, sasa naye anataka fungu lake!"

Yule mtu aliniona. Tulitazamana, nyuso mbili nyeupe, na akajua. Alimpiga Twilumba kiwiko cha koo, akamruka yule wa buti, akatimka. Mlango ulikuwa mbele yake tu. Nilizungusha beleshi kama mtu anayefyeka, likamwingia chini ya sikio.

Halikumuua. Kuua kwa beleshi si kazi nyepesi. Alianguka kwenye kizingiti cha Mzizi, shingo imefunguka, kikapu kimepinduka, na lile vumbi likamwagika likaanza kupanda mlango. Lilikuwa linatafuta tundu la ufunguo. Nililipiga teke, likagawanyika, likaungana tena.

"Mzee," yule mtu akasema. Damu ilimtoka puani. Alisema Kiswahili safi kama changu. "Mzee, na mimi nimetumwa tu. Wanangu wamewashika wao."

Vumbi lilikuwa limelifikia tundu. Nikaona linavyopanda kwa mapigo, linasimama, linapanda, linasimama, na nikaona mshipa wa shingo yake unavyopiga, ni mapigo yaleyale. Alikuwa ndiye injini yake. Nilinyanyua beleshi kwa mikono miwili.

"Pole," nikamwambia, na nikampiga tena. Nikampiga mpaka beleshi likagusa zege.

Vumbi likadondoka mlangoni kama unga uliopepetwa. Likalala.

Nilisimama pale nahema, nadhani nilikuwa nacheka. Kisiwa kimepona, Twilumba yu hai anakohoa majanini, na sikuweka mkono. Nilimtazama Kanali kule juu, nikataka aone viganja vyangu.

Ndipo mlingoti ukageuka.

Msamaha waliufundisha kwa mifano. Waliuonyesha misiba mingi, watu wa jivu wameshika mapanga, na hakuna anayeumia, mpaka ukakubali kwamba jivu halina madhara. Mtambo ule unajifunza kwa kuona, ndiyo sifa iliyowafanya waununue. Na sasa ulikuwa umemwona mtu wa jivu akimchinja mwenzake mchana kweupe, na jivu lenyewe kwake likawa chuma. Mwalimu wake nilikuwa mimi.

Wa kwanza kupigwa alikuwa padri. Alikuwa ameshika mwiko. Kichwa kilitoka, mwili ukabaki umesimama kwenye chandarua kama unafikiri, kisha ukakaa chini.

"Laleni!" nilipiga kelele. "Futeni jivu! Futeni!"

Aliyevaa buti alijifuta kwa mikono yote miwili, lakini jivu na jasho ni kama lami. Alipigwa kifuani mikono ikiwa usoni. Mwanamke mmoja alikimbia kuelekea kwa wafiwa akiita mtoto wake na risasi ikamlaza juu ya maua ya Mbawala. Twilumba alinyanyuka. Nilimpungia alale, naye akanielewa amechelewa. Mkono wake wa kulia ulivunjika kama kuni, na akaanguka, na akaniita.

"Gervas!"

Hajawahi kuniita jina langu. Aliita kwa sauti ya dada yake.

Mimi nilikuwa kizingitini, na upande ule mtutu haupigi, nyaya zina thamani kuliko sisi. Ningekaa pale ningekuwa salama mpaka kesho. Nikatoka, nikapanda mteremko. Risasi ilinichukua kisigino, nikaendelea kwa magoti na viwiko, nyuma ya maiti, nyuma ya kifusi, mpaka nikaona miguu ya kiti cha Kanali. Alikuwa amelala nyuma yake, redio mdomoni.

"Acha umalize," alikuwa anamwambia mtu wa upande wa pili. "Hatujui wako wangapi. Acha umalize."

Nilimkumbatia. Yeye ni mnene na mimi ni mpishi, nimebeba magunia maisha yangu yote. Nilimpaka kwa viganja vyote viwili, paji, mashavu, kope, jivu na damu ya yule mtu pamoja, nikamsugua kama ninavyosugua sufuria, halafu nikabiringika naye hadi nje ya turubai, juani. Redio bado alikuwa ameishika. Ni nyeusi, ya chuma.

Mtutu ulikuja. Ulikuja polepole, unatafuta sura ya Kanali Rwechungura na hauioni.

"Zima!" alipiga yowe. "Zima! Zima mtambo! Zima sasa hivi!"

Mtutu ukainama kama kichwa cha mtu aliyesinzia. Jicho likafifia.

Haikuchukua hata pumzi moja. Hakuna aliyepiga simu bara.

Nikasikia udongo unaporomoka kaburini peke yake. Nilikuwa bado nimemkalia kifuani. Nilitaka kumuuliza kuhusu Vaileth, alilala juani muda gani huku mkono wa Kanali ukiwa kwenye redio hiyohiyo, na nadhani aliliona swali machoni mwangu kwa sababu aliangalia pembeni.

"Unajua umefanya nini?" akasema, anahema. "Kisiwa hakina mlinzi. Meli zao ziko pale, nyuma ya upeo, zinangoja. Lazima uwashwe. Niachie ninawe uso, uwashwe."

"Na hawa?"

"Watajifuta."

Twilumba alikuwa anapanda mteremko. Mkono wake aliushikilia kwa mwingine kama mtu anayebeba mtoto mchanga, mfupa umetokeza. Watani waliobaki walimfuata wanatambaa, weupe, wengine wamejikojolea, na hakuna aliyekuwa amefuta jivu. Walitembea kupita kwa padri, kupita kwa yule wa buti. Wafiwa nao wakaja. Askari wa gwaride walikuwa wamesimama na bunduki zao za heshima, wanamtazama Kanali, kisha wanatutazama sisi, wake zao wakiwa katikati yetu.

Twilumba alimfikia Kanali, akamwangalia uso kwa makini.

"Jivu limekukaa, afande," akasema. Meno yalikuwa yanamgongana. "Ungeambiwa zamani, ungeshaoa."

Hakuna aliyecheka. Alinigeukia.

"Na wewe panya. Umechelewa."

"Nimechelewa," nikasema.

"Msiba haujaisha. Mzikeni mtu wenu."

Tukachukua mabeleshi. Mimi nilifukia kwa magoti. Nilivua kile kibao nikakitupa juu ya jeneza, na Mama Osmunda akakifukia mwenyewe kwa mikono. Tulipomaliza la Mbawala tukapima nafasi kando yake, tukaanza kuchimba la padri, la yule wa buti, na la yule mwanamke. Yule wa kikapu tulimchimbia pia, mbali kidogo, kwa kuwa sisi hatujui wanawe watamsubiri wapi. Baharini kulikuwa na kitu, moshi au wingu, hatukukubaliana. Kila mtu alikitazama, na kila mtu alirudi kwenye beleshi lake.

Kanali tulimweka katikati yetu. Alikuwa anatuambia tutanyongwa, kisha akatuambia tunaiuza nchi, kisha akatusihi, akatuita ndugu zake. Jivu lilikuwa limeanza kumkauka na kupasuka usoni. Aliomba maji ya kunawa.

Ndoo ilikuwepo, imejaa. Hakuna aliyempa.